Neno "Baba" na Asili Zake kwa Mataifa Mbalimbali

Wapo wengi miongoni mwetu, wazee kwa vijana, waaminio kwamba neno "baba" ni neno la Kiarabu, na ya kuwa lilifika katika nchi zetu za maziwa pamoja na dini, likichukuliwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji katika karne ya 19. Lau imani hii ingekuwa ya kupitishia wakati barazani tu, nisingeiandikia hata mstari mmoja. Lakini imezaa adabu isiyopendeza katika nyumba zetu. Mtoto wa Buyenzi aliyelelewa na bibi yake huko milimani, akija mjini na kumwita mzazi wake "data", kama Warundi waitavyo, hukemewa mbele ya wageni: sema baba, acha maneno ya kishenzi! Karipio hilo nimelisikia hata mlangoni mwa msikiti. Kwa hiyo nimeona vema, katika kitabu hiki cha ukumbusho wa jumuiya yetu, nilichunguze neno hili dogo, nitazame ni la nani, na lina maana gani kwa watu mbalimbali wa dunia.

Tuanze na Kiarabu chenyewe, kwa kuwa ndicho kitajwacho. Mzazi wa kiume kwa Kiarabu ni "ab". Kila aliyekaa mkekani akasoma Ajurumiya ayakumbuka yale majina matano ambayo irabu yake huonyeshwa kwa herufi, kwa wau, alifu na ya: husemwa "abu" katika rafu, "aba" katika nasbu, na "abi" katika jarri. Katika mlango huo wote hapana mahali pa kusema "baba". Neno la Kiarabu lililo karibu nalo kwa sauti ni "bab", nalo ni mlango, wala mlango haukumzaa mtu. Lugha zilizo ndugu za Kiarabu zaenda njia ile ile: Waebrania wana "ab", na Waaramu wana "abba". Ni kweli kwamba watoto wa Misri na wa Shamu siku hizi huwaita wazazi wao "baba"; lakini hilo ni neno la jikoni na kitandani, la mtoto na mzazi wake, si neno la vitabu wala la mahakama. Mwanachuoni aandikapo nasaba ya mtu haandiki hivyo.

Basi ikiwa si la Kiarabu, ni la nani? Hapa ndipo mambo yanapopendeza. Mturuki humwita mzazi wake "baba". Mwajemi kadhalika. Myoruba wa Nigeria husema "baba". Na Mchina, ambaye lugha yake haina udugu wowote na hizo nilizozitaja, naye husema "baba". Kama tukishika kanuni ya wale wasemao kwamba kila lifananalo na la pwani limetoka Arabuni, itatubidi tuseme ya kuwa Waarabu waliwafundisha Wachina jinsi ya kuwaita wazazi wao, na kwamba kabla ya hapo watoto wa China walikuwa wakikaa kimya. Hayo hayasemwi na mtu mwenye akili.

Wasonghai nao, walio ukingoni mwa mto Niger, hulitumia neno hilo hilo kwa mzazi wa kiume. Huko ndiko alikoishi yule mwanachuoni mashuhuri wa Timbuktu, Ahmad Baba, aliyezaliwa mwaka 1556 na kufariki mwaka 1627. Jeshi la Morocco lilipoishinda dola ya Songhai mwaka 1591, wanavyuoni wa mji huo walikamatwa, naye akapelekwa Marrakesh mwaka 1594, wala hakurudi kwao mpaka mwaka 1608. Alilalamika ya kuwa vitabu vyake 1600 vilichukuliwa, na kwamba katika jamaa zake yeye ndiye aliyekuwa na vitabu vichache. Namtaja kwa sababu niliwahi kuambiwa na kijana mmoja msomi kuwa jina lake ni ushahidi kwamba "baba" ni Kiarabu, kwani mtu huyu aliandika Kiarabu maisha yake yote. Kuandika Kiarabu hakulifanyi jina la nyumbani kuwa la Kiarabu. Wapo kwetu maimamu waitwao Ndayizeye, na hakuna asemaye kwamba Ndayizeye limetoka Makka.

Sababu ya mfanano huu imechunguzwa na wataalamu wa lugha. Mwaka 1959 Mmarekani George Murdock alikusanya maneno 1072 kutoka lugha za mataifa mengi, 531 ya kumwita mama na 541 ya kumwita baba. Kisha Roman Jakobson, mtaalamu aliyezaliwa Urusi akahamia Marekani, akaeleza kwa nini maneno hayo yanafanana hata pale ambapo lugha zenyewe hazina nasaba moja. Kwa maneno mepesi, ni hivi. Mtoto mchanga hachagui sauti. Hutoa zile ambazo kinywa chake chaziweza mapema. Kufumba midomo na kuifumbua ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na katika kazi hiyo hutoka "ba", "pa" na "ma". Ulimi ukigusa nyuma ya meno hutoka "ta" na "da". Mtoto anyonyapo midomo imefumba, na sauti pekee awezayo kuitoa hupita puani, nayo ni "m". Ndiyo maana sauti za puani zimo katika maneno 55 kwa kila 100 ya kumwita mama, na 15 tu kwa kila 100 ya kumwita baba. Wazazi nao, kwa furaha yao, hudhani wameitwa. Neno si la mtoto peke yake. Ni la mtoto aliyetoa sauti na la mzazi aliyeitika.

Mwenye shaka na aitazame nchi ya Georgia, iliyo kati ya Uturuki na Urusi. Huko "mama" ni mzazi wa kiume! Na mzazi wa kike ni "deda". Sauti zimekuwa zile zile za mtoto, ila wazazi walizigawana kinyume cha desturi ya wengi.

Sasa turudi kwetu, maana huku ndiko kuna jambo ambalo sijaona likisemwa sana, nalo ni zuri. Warundi wana maneno matatu pale ambapo Mswahili ana moja. Mzazi wangu mimi ni "data". Mzazi wako wewe ni "so". Mzazi wake yule ni "se". Mgeni ajifunzaye Kirundi hulalamikia jambo hili, husema ni usumbufu mtupu. Lakini hebu aende Kenya kwa Wakikuyu. Atakuta mzazi wangu ni "baba", mzazi wako ni "thoguo", na mzazi wake ni "ithe". Na aendelee mpaka Afrika ya Kusini kwa Wazulu: wangu ni "ubaba", wako ni "uyihlo", wake ni "uyise". Msomaji na ayapange maneno haya mkekani mbele yake, ayasome kwa sauti. Yale ya "wako" na "wake" ni mamoja: "se" ya Warundi, "ithe" ya Wakikuyu na "uyise" ya Wazulu yametoka shina moja, yakabadilika matamshi tu kwa urefu wa safari na wingi wa miaka. Hayo ndiyo maneno ya kale ya Wabantu, waliyoyarithi kwa babu zao kabla hawajatawanyika. Lakini neno la "wangu" halikai mahali pamoja. Hapa ni "data", kule ni "baba", na kwa Waganda mtoto husema "taata", na kwa wasemao Lingala ni "tata".

Kwa nini lile la "wangu" peke yake ndilo lirukerukalo? Kwa kuwa aitaye mzazi wake mwenyewe ni mtoto! Hakuna mchanga aanzaye kusema kwa kumtaja mzazi wa jirani. Neno la kumwita mzazi wangu huzaliwa upya kinywani mwa kila kizazi, na maneno ya kumtaja mzazi wako na mzazi wake hukaa vinywani mwa watu wazima na kurithiwa kama shamba. Sisi Waswahili tumeyapoteza yale ya urithi. Twasema babangu, babako, babake, tukitia neno moja la kitoto mahali pote patatu. Sisemi ni aibu. Nasema tu kwamba anayemcheka Mrundi kwa "so" na "se" anamcheka mtu aliyehifadhi mali ya kale ambayo yeye mwenyewe hanayo tena.

Zipo lugha nyingine ambazo neno hili limo, ila mwenye kuitwa kwalo si mwanamume. Kwa Warusi na jamaa zao, "baba" ni mwanamke mtu mzima, au bibi kizee. Wajapani nao humwita ajuza "baba", wala si kwa heshima nyingi, na Warusi na Wajapani hawakuazimana neno hili. Wahangari wao hulitumia kwa mtoto mchanga, na kwa mwanasesere pia. Ama Wahispania, kwao "baba" ni udelele umtokao mtoto mdomoni. Na nadhani nao hawako mbali na chanzo chake. Katika visiwa vya Ufilipino, kwa lugha ya Kitagalog, "baba" ni kidevu. Na katika mji wa Malaka, nchi ya Malaysia, wanaume wa ukoo wa Kichina waliozaliwa huko na kushika lugha na desturi za Kimalayu huitwa Baba, na wanawake wao Nyonya. Huko neno ni cheo cha heshima, na wachunguzi wengi wasema lilifika kutoka Uajemi kupitia Bara Hindi. Waturuki wa tarika ya Bektashi nao humwita baba kiongozi wa zawiya yao.

Ndugu yake wa karibu, "papa", naye amesafiri vya kutosha. Kwa Wayunani wa zamani lilikuwa neno la mtoto kumwita mzazi, kisha wakapewa maaskofu, na leo mkuu wa Kanisa la Roma na mkuu wa Kanisa la Wakopti wa Misri wote wawili huitwa hivyo. Ndugu zetu wa Uvira na Bukavu, kwa kuchanganyika na Kifaransa, humwita kila mwanamume mzima Papa, kwa heshima kamili. Mtu wa pwani akiitwa hivyo hugeuka kutazama bahari, kwani kwao papa ni samaki mwenye meno.

Kabla sijaliacha jambo la Kiarabu, nataka nitende haki. Kiarabu kimetupa neno la mzazi, ila si lile tulidhanilo. Waandishi wengi wa kamusi husema kwamba neno letu "bwana" latokana na "abuna", yaani baba yetu. Neno hilo la "abuna" lajulikana mpaka Uhabeshi, ambako ndilo waitwalo wakuu wa Kanisa. Ikiwa waandishi hao wamepata, basi tumekuwa tukimwita mzazi kwa Kiarabu kila tumwitapo mtu bwana, hata karani wa ofisi na mwenye duka, na tukimwita kwa sauti ya kitoto kila tusemapo baba. Lile lenye kilemba hatukulitambua, na lisilo nacho tukalivika.

Na hilo "data" la Kirundi, linalokemewa, lina ukoo mpana vile vile. Mswahili akisikia mtoto akisema "data araje", yaani baba amekuja, hudhani amesema dada, akachungulia mlangoni amwone msichana, kumbe aingia mzee mwenye fimbo. Neno "dada" kwetu ni ndugu wa kike aliye mkubwa. Kwa Wagujarati, ambao wengi wetu tumenunua vitambaa madukani mwao, "dada" ni babu mzaa baba. Kwa Wabengali ni kaka mkubwa. Waturuki humwita babu "dede", na mama wa Georgia nimekwisha kumtaja. Hata "kaka" letu, Wagujarati wanalo, ila kwao ni ndugu wa baba. Lipo na neno jingine la Kirundi la kumtaja mama wa mwenzako, ambalo asili yake si tusi hata kidogo. Sitaliandika hapa, kwa kuwa mtu wa pwani akilisikia hukunja ngumi. Ugomvi uliotokana na neno hilo moja kati ya wapangaji wa ua mmoja nimewahi kuusuluhisha, na kazi yote ilikuwa ni kueleza lugha.

Sasa nifikie lile lililonisukuma zaidi kuandika. Katika desturi za Wabantu wengi, ndugu wa kiume wa baba ni baba vile vile. Mswahili husema baba mkubwa na baba mdogo, au husema ami kwa Kiarabu. Lakini katika mji wetu, na hasa kwa vijana, "mkubwa" na "mdogo" huanguka njiani, na ami halisikiki tena ila kwa wazee. Hubaki "baba" tupu. Katika mapenzi na malezi hakuna dhara. Lakini sheria hupambanua. Katika mirathi, mtu akifa akaacha mwana wa kiume na mzazi wake, mzazi huyo hupata sudusi, yaani fungu moja katika sita, wala hakuna awezaye kumzuia. Na ami, mahali alipo mwana wa kiume au baba, hapati kitu. Katika nikahi, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, walii wa kwanza ni baba mzazi, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa baba na mama, kisha wa kwa baba, kisha wana wao, ndipo zamu ya ami ifike. Na Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Ahzab, imeamrisha wanaolelewa wanasibishwe na wazazi wao wa kweli.

Mwaka mmoja niliitwa kufungisha ndoa. Mzee mwenye heshima zake alikaa mahali pa walii, kanzu imenyooshwa, mashahidi wamekamilika, pilau yanukia. Bibi arusi alikuwa amekwisha kusema kwamba huyo ni baba yake. Kabla ya kushikana mikono niliuliza, kama niulizavyo siku zote: ni baba aliyemzaa? Pakawa kimya. Kumbe ni ndugu mdogo wa baba, ndiye aliyemlea tangu utotoni, akamsomesha, akamvika. Mzazi mwenyewe alikuwa hai, ng'ambo ya ziwa, Uvira, wala hakuwa ametoa uwakala kwa mtu. Hakuna aliyekuwa amesema uongo katika nyumba ile. Binti alisema baba kwa lugha yake, na mzee aliitika kwa lugha yake. Wageni walilishwa, arusi ikangoja siku tatu, mzazi akavuka akaja, akamwakilisha ndugu yake mbele ya watu, na yule aliyemlea binti ndiye aliyemwoza.

Jioni ile, tukiwa twanywa kahawa, bibi kizee mmoja wa upande wa mama, Mrundi asiyejua Kiswahili ila cha sokoni, aliniambia ya kwamba lau ningaliuliza kwa Kirundi nisingalihangaika. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa kuwa Kirundi hakichanganyi. Mzazi wangu ni "data", na ndugu wa mzazi wangu ni "data wacu". Wako ni "so", na ndugu yake ni "so wanyu". Wake ni "se", na ndugu yake ni "se wabo". Kwa maneno hayo madogo, "wacu", "wanyu" na "wabo", yaani wetu, wenu na wao, Warundi wametenga kile ambacho faradhi zinataka kitengwe: aliyekuzaa akabaki wako peke yako, na ndugu zake wakawa wa ukoo mzima. Wanyarwanda nao husema hivyo hivyo. Ni lugha hii hii ambayo watoto wetu wanakemewa kwayo.

Tangu siku hiyo, familia ya bibi arusi ikiwa ya Kirundi, siulizi tena kwa Kiswahili. Husogea karibu na pazia nikauliza: "Ni so, canke ni so wanyu?" Na jibu hupatikana kabla mahari hayajahesabiwa.